Nilivyopeleka Injini ya Kimya Ujiji

Nyinyi mlionisindikiza stesheni huku mkicheka, mkaniacha nimekalia injini ya boti kama bibi harusi aliyekalia sanduku lake, mmekuwa mkiniuliza tangu nirudi: ilifika? Mjomba aliipokea? Nimewajibu vipande vipande. Huyu nimemwambia la treni, yule la moshi, na sasa habari zinazunguka mtaa wetu wa Kitete zikiwa zimeota mikia. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote kwa mara moja, na atakayeuliza tena nitampa hii asome.

Kwa asiyemjua, Mjomba Ramadhani ni kaka wa marehemu mama yangu. Ni mtu wa Ujiji, ana boti ya abiria inayotoka hapo kwenda kijijini anakoishi, kusini, mahali ambapo barabara haijafika mpaka leo. Umri umemwendea. Wanawe walioko Dar walitaka aache ziwa, naye alisema ataacha siku litakapomshinda. Tatizo ni kwamba injini yake ya zamani ilishaanza kumzimikia katikati ya maji. Mimi ndiye niliyeingilia kati. Nilisema, tumpatie injini mpya, isiyosumbua, aendelee na kazi yake. Wanawe wakanijibu, "Haya dada, tutanunua, lakini uipeleke wewe. Akiikataa au ikimshinda, basi, ziwa anaacha." Nikakubali haraka, bila kufikiri, kwa sababu sikuweza kuwaza Ujiji bila Mjomba kwenye boti.

Tabora

Niseme kwanza tofauti ya injini hizi mbili, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Injini ya zamani ya Mjomba ni ya mipigo miwili, mafundi wanaiita tustroki. Hiyo oili yake inachanganywa humo humo kwenye petroli. Tulipokuwa watoto, tukienda likizo kwake, kazi ya asubuhi ilikuwa kumtazama akichanganya. Alikuwa na kopo la maziwa la kupimia, lakini hakuliamini. Aliamini macho yake. Alitia oili kwenye dumu, akalitikisa, akaliinua juani, akasema "bado" au "tayari". Ikiwashwa, ufuko wote ulijaa moshi wa buluu na kelele ya kupasua masikio. Jioni aliibeba begani mpaka nyumbani ikalala sebuleni, nasi tukalala kwenye mkeka pembeni yake. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta nikasikia harufu ya petroli, nawakumbuka binamu zangu, na mama yangu akiwa hai, akitukemea tulale.

Hii mpya ni ya mipigo minne, foostroki. Ina oili yake peke yake tumboni, kama gari, na kijiti cha kupimia. Petroli unaitia kavu. Ni nzito zaidi, spea zake ni za shida, lakini inakunywa kidogo na haipigi kelele. Ilitoka Mwanza ikanifikia Tabora kwa basi, imeviringishwa godoro na turubai. Aliyeituma alinipigia simu akaniambia jambo moja tu: "Dada, ukiilaza, ubavu niliochora mshale kwenye turubai utazame juu. Chini hapana." Nikaitikia, "Sawa, nimeelewa."

Basi lipo siku hizi mpaka Kigoma, na lami ipo. Mkanishangaa kwa nini treni. Jibu ni kwamba nilikwenda Ujiji kwa treni na mama yangu kila likizo ya utotoni, na nilitaka kupita tena njia ile ile. Ni hilo tu.

Wapagazi wa stesheni waliizunguka ile injini wakiipapasa. Mmoja akasema, "Mama, huu ni mzigo wa mzegazega." Wakaleta mti, wakaifunga katikati, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaenda nayo wakitania kwamba babu zao walibeba hivi hivi mpaka Ujiji kwa miguu, na mimi nishukuru kuna reli. Mhudumu wa behewa alikataa kabisa isiingie, kisha akaambiwa behewa la mizigo limejaa, akanung'unika, akatupisha. Ikawekwa kati ya mabenchi ya daraja la tatu, mshale ukiwa pale unapotakiwa. Nikaikalia. Nanyi mkacheka, nawakumbuka vizuri.

Treni haikuondoka. Tulikaa mpaka jua likawa kali, nikala matobolwa yote, viazi vitamu vikavu nilivyofungiwa vya njiani, kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Urambo

Mbele yangu alikaa mfugaji mmoja wa Igunga, Msukuma, jina lake Masanja, akiwa na fimbo yake na redio ndogo. Alikuwa anakwenda Nguruka kuwatazama ndugu zake waliohamia huko na ng'ombe. Alikuwa ameitazama turubai yangu kwa muda mrefu.

"Hii inavuta maji?" akauliza.

"Haivuti, inayasukuma."

"Kuyapeleka wapi?"

"Hayaendi popote. Yanabaki hapo hapo. Boti ndiyo inakwenda."

Akafikiri sana. "Sasa ng'ombe wanakunywaje?"

Nilieleza upya tangu mwanzo, nikachora na kidole kwenye vumbi la dirisha. Akasikiliza kwa heshima zote, mwisho akasema kwamba sisi Wanyamwezi ni watu wa ajabu, tunabeba mashine ya maji nchi nzima, ng'ombe wanakufa kiu. Watani hawa ukiwajibu umeumia. Nikanunua karanga, nikamgawia, tukacheka.

Urambo tulisimama tena muda mrefu. Ulikuwa msimu wa kuuza tumbaku na stesheni nzima ilinuka tumbaku, harufu tamu ya majani makavu. Mama alikuwa akiniambia nitoe kichwa dirishani nivute, akisema ndiyo harufu ya baba yangu. Baba alikuwa mtu wa huku, alilima tumbaku kabla hajahamia mjini. Nilitoa kichwa nikavuta. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Masanja akageukia upande wa pili, akaongeza sauti ya redio.

Watu wakaingia kwa kusukumana. Miongoni mwao bibi mmoja wa Ulyankulu, mwembamba, na kapu la mayai kichwani, anakwenda Kigoma kumtazama binti yake aliyejifungua. Nafasi hakuna.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nisimame tu, miguu imezoea."

Nani angemwacha asimame? Nikampa nafasi juu ya injini nikasogea pembeni. Lakini mkono wa kuongozea ulikuwa umejitokeza chini ya turubai, ukamchoma kiunoni. Akawa anajipinda kila treni ikitikisika, na mayai mapajani. Masanja akasimama, akashika upande mmoja.

"Tuigeuze, mama. Huu upande ndio bapa."

Na mimi nikashika upande wa pili, tukaigeuza. Mshale uliotazama juu sasa ulitazama sakafuni. Niwaambie ukweli, hata haukunijia akilini. Maisha yangu yote nimemwona Mjomba akiibwaga injini yake vyovyote: kwa tumbo, kwa mgongo, kwa ubavu wowote, hata juu ya magunia ya dagaa. Kwetu injini inalazwa pale ilipo nafasi. Bibi akakaa akapumua, akasema, "Mungu akubariki," nasi tukajisikia watu wema.

Nguruka mpaka Malagarasi

Kuanzia Kaliua misitu inakuwa mikubwa, miombo mitupu, na mizinga ya nyuki inaning'inia juu ya miti. Kando yetu tuta la reli mpya lilikuwa linatufuata, jekundu, limenyooka. Wanasema treni yake itakimbia. Mimi nilikuwa natazama stesheni ndogo tunazosimama, nikijiuliza kama hiyo ya kukimbia itasimama hapo. Zamani kila stesheni ilikuwa na chakula chake. Mama alikuwa hasemi "tumefika Usinge", alisema "tumefika kwenye kuku." Sasa wauzaji wamepungua, na wengi wanauza biskuti na soda. Lakini Nguruka hawajabadilika. Waliinua masinia ya kambale waliokaushwa kwa moshi mpaka usawa wa dirisha, nikanunua, nikala pale pale kwa vidole, mafuta yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Masanja alishuka hapo. Aliipiga injini kofi kama anavyopiga ng'ombe, akasema, "Kanywe maji." Nilimpungia mkono mpaka fimbo yake ikapotea kwenye watu.

Bibi wa Ulyankulu alinimenyea yai. Wazazi wake walikimbia Burundi wakiwa na yeye mkononi, akakulia Ulyankulu, akaolewa huko, akazika watu wake huko. Nikamwuliza kama anapakumbuka kwao. Akasema kwao ni Ulyankulu, na wajukuu wake wanamcheka akiongea Kirundi. Lakini tulipovuka mto Malagarasi akayatazama maji mpaka yakaisha. "Hapa nilipita nimebebwa," akasema. Nilimshika mkono.

Ujiji

Mjomba alinipokea stesheni ya Kigoma, kavaa kanzu na kofia kwa heshima ya mgeni, na mkewe, Bi Tausi, nyuma yake na kanga mbili. Walikuwa wamekuja na boti tangu siku iliyotangulia. Bi Tausi huuza mawese sokoni Ujiji, na mumewe hasafiri bila yeye siku za gulio. Mjomba anaongea kwa kupaaza sauti, kama watu wote waliokaa na tustroki maisha yao yote.

"MPWA WANGU! UMEKONDA!"

Watu wote wakageuka. Bi Tausi akanikumbatia akaninong'oneza, "Hujakonda." Kisha Mjomba akaitazama turubai. Furaha ikapungua usoni.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Mjomba."

"Inachanganywa kiasi gani?"

"Haichanganywi."

"Petroli kavu?"

"Kavu."

"Utaiua," akasema, akatafuta gari la kutufikisha sisi na injini mwaloni Ujiji, zinakofungwa boti.

Tulikula kwanza, migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, mawese yakielea juu. Nadhani alikuwa akichelewesha. Tulipomaliza, akaifunga injini mpya nyuma ya boti, akavuta kamba ya kuwashia.

Haikuvutika. Akavuta kwa mikono miwili. Kamba ilikaza kabisa, haikwenda hata shubiri. Vijana wa mwaloni wakaja kuangalia. Mjomba akasimama wima, akanitazama, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa anaogopa. Kumbe naye alijua masharti ya wanawe.

"Imekufa njiani," akasema kwa sauti ya chini, ya kwanza niliyowahi kusikia kwake.

Nilipiga simu Mwanza. Yule bwana akauliza swali moja tu: "Uliilaza upande gani?" Hapo ndipo kapu la mayai liliponirudia, na Masanja, na mikono yangu mwenyewe ikishika turubai. Nilitamani mchanga unimeze. Akanieleza: ikilala ubavu mbaya, oili yake inahama tumboni inaingia kwenye silinda, na silinda iliyojaa oili haizunguki. Haijafa. Isimamishwe, plagi zitolewe, kamba ivutwe taratibu, oili itoke, kisha itiwe nyingine kwa kipimo.

Nikamweleza Mjomba yote, hata la bibi na mayai. Nilidhani atanifokea. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Hata mimi ningeigeuza," akasema. "Nani anamwacha bibi asimame kwa ajili ya injini?"

Akatoa plagi na spana yake ya siku zote, akavuta kamba polepole. Oili ikaruka ikamchafua kanzu. Akafuta, akakausha, akavuta tena mpaka ikaacha kuruka. Tukanunua oili ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, akaitia, akakitazama kijiti cha kupimia, akakifuta, akakitazama tena, na bado alikiinua juani kwa mazoea. Alipoiwasha, ilitoa wingu kubwa la moshi, zito, la buluu, likatanda mwaloni wote.

"Haa! Kumbe na wewe unavuta!" akapiga kelele, na uso wake ukawa ule wa likizo zangu. Nami kwa muda mfupi nilikuwa mtoto, nikavuta ile harufu, nikaona kila kitu kipo kama kilivyokuwa.

Kisha oili iliyobaki ikaungua, moshi ukaisha, na sauti ikashuka. Ikabaki mngurumo mdogo tu. Mjomba akainama akaweka kiganja juu yake kuhakikisha haijazimika.

Ziwani

Alikataa kubeba abiria safari ile. "Injini nisiyoijua haibebi watoto wa watu," akasema. Tukapanda watatu tu, pamoja na madumu matupu ya Bi Tausi na ile injini ya zamani, imelazwa sakafuni mwa boti kwa tahadhari. Ziwa lilikuwa limetulia. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, hafifu.

Mimi nilikaa mbele. Bi Tausi alikaa mahali pake pa siku zote, karibu na nyuma, ameupa upepo mgongo na kumtazama mumewe. Kama kuna picha moja niliyonayo ya utoto wangu kwenye ziwa hili ni hiyo: Bi Tausi anatazama nyuma, midomo yake inacheza, na Mjomba ameshika mkono wa injini, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sikuwahi kusikia neno hata moja. Tustroki ilimeza yote. Sisi watoto tulidhani ndivyo watu wazima wanavyopendana.

Tulipotoka kwenye kina kidogo Bi Tausi akaanza kuongea, kama kawaida yake. Safari hii nilisikia. Alisema paa la jiko linavuja. Alisema jirani amefunga mbuzi kwenye mgomba wetu tena. Alitaja bei ya mawese, akamlaani mnunuzi mmoja. Mjomba akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nilitabasamu peke yangu nikitazama maji.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuelezea mbuzi na paa la jiko, "Na mimi ziwa hili bado naliogopa, Ramadhani. Naliogopa tangu uliponioa. Ukienda peke yako sili mpaka urudi. Siku hizi mikono yako inatetemeka, unadhani sioni. Siendi sokoni kwa ajili ya mawese. Naja ili kama ni kuzama tuzame wote. Lakini nimechoka, baba. Ningependa tuzeeke nchi kavu."

Sikugeuka. Nilishika ukingo wa boti. Nilikuwa nasubiri Mjomba aseme ndiyo, ndiyo.

"Mbona leo huitikii?" Bi Tausi akauliza.

"Leo nasikia," Mjomba akasema.

Injini ilikuwa inaunguruma vile vile.

"Ulikuwa unaniambia haya?" Mjomba akauliza.

"Kila safari."

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani kuna watu. Wageni, watoto, wapangaji. Hapa kelele ilitufunika tukawa wawili. Nimekwambia tangu sina mvi, nawe ukawa unatikisa kichwa. Nikajua umesikia, ila umeamua."

Mnaoniuliza kama Mjomba bado anavuka ziwa: havuki. Injini anayo mkwe wake sasa, na inakwenda vizuri, na wanawe wa Dar wananishukuru kana kwamba nilipanga. Sikupanga. Mimi nilisafiri njia yote ile ili nimbakishe majini, kwa ajili ya kumbukumbu zangu mwenyewe, na sikuwahi kumwuliza Bi Tausi lolote. Naumia kuukosa moshi ule na kelele ile, siwezi kudanganya. Lakini sasa najua vilikuwa vinafunika nini.

Siku ile, katikati ya maji, Mjomba aliniita. Akaniuliza kama bado nakumbuka alivyonifundisha kushika mkono wa injini. Nikamwambia nitajaribu. Tukapishana taratibu, boti ikayumba kidogo. Nikashika. Yeye akaenda akakaa kwenye ubao wa abiria, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa, bega kwa bega na mkewe, akavua kofia.

"Haya, Tausi," akasema. "Anza tena mwanzo."